Paking Oxford: wapi pa kuacha gari, na tiketi ipi ya kulipa upesi

Kama unasoma haya ukiwa na tiketi ya maegesho mkononi, angalia mambo mawili kabla ya mengine yote: nani ameitoa, na tarehe. Tiketi moja inaweza kuisha kwa £35 wiki hii, au ikapita £400 kabla mwaka haujazunguka. Kinachoipandisha ni siku unazokaa kimya.

Nawaandikia wenzetu wa Kiswahili wanaoishi Oxford au wanaoingia hapa kwa kazi: wa hospitalini, wanaotunza wazee majumbani, wanafunzi wenye familia, na ndugu wanaokuja wikiendi kutembelea. Mji ni mdogo, watu wapatao 162,000 kwa sensa ya 2021, na mitaa ya katikati ilikuwepo karne nyingi kabla ya gari la kwanza. Nafasi ni chache na kila nafasi ina mwenyewe. Mwenyewe huyo anaweza kuwa halmashauri ya jiji, halmashauri ya kaunti ya Oxfordshire, hospitali, chuo au kampuni binafsi, na kila mmoja ana bei yake, mashine yake na njia yake ya kudai.

Tuanze na gharama zinazokukuta hata kabla hujazima injini.

Tangu tarehe 29 Oktoba 2025, gari la kawaida likipita kwenye moja ya sehemu sita zenye kamera linadaiwa £5 kwa siku. Sehemu hizo ni Hythe Bridge Street, Thames Street, St Cross Road, St Clement's, Marston Ferry Road na Hollow Way. Nne za kwanza hufanya kazi saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Mbili za mwisho ni asubuhi na jioni, wakati wa msongamano. Tozo hii iliwekwa kwa muda na imefungamanishwa na kufungwa kwa Botley Road chini ya daraja la reli, kwa hiyo kabla ya safari hakikisha kama bado ipo. Wahudumu wa afya wa majumbani, wenye kadi ya ulemavu na wagonjwa wanaokwenda hospitali mara kwa mara wanaweza kusamehewa, lakini msamaha huo unakuja kwa kibali, na kibali huombwa mapema. Kamera haijui kwamba wewe ni muuguzi.

Mitaa michache ya katikati kabisa, kama Queen Street, Cornmarket na New Inn Hall Street, imo tangu Februari 2022 kwenye eneo ambalo gari la petroli au dizeli hulipia kuingia mchana. Na High Street ina kizuizi cha mabasi kuanzia 7.30am hadi 6.30pm, yaani saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Hakuna geti wala mlinzi, ni alama na kamera tu. Wageni wengi hufuata ramani ya simu hadi hapo, barua inawafuata nyumbani. Ukiwa na shughuli katikati ya jiji mchana, usilipeleke gari huko. Ni ushauri wa bei nafuu kuliko wote uliomo humu.

Pa kuacha gari

Kwa mtu anayekaa mjini zaidi ya saa mbili, chaguo linaloshinda ni vituo vya pembezoni unakoacha gari na kupanda basi. Vibao vyake vimeandikwa Park & Ride. Oxford ndiyo iliyotangulia Uingereza kuwa na kituo cha kudumu cha namna hii, pale Redbridge mwaka 1973, na sasa viko vitano: Redbridge kusini, Seacourt magharibi, Pear Tree kaskazini-magharibi, Oxford Parkway kaskazini na Thornhill mashariki. Vyote viko nje ya kamera za £5. Thornhill ndicho kinachofaa zaidi kwa anayekwenda hospitali za Headington.

Kuna mtego mdogo hapa. Redbridge, Seacourt na Pear Tree ni vya jiji. Thornhill na Oxford Parkway ni vya kaunti. Usidhani kwamba kibali au malipo uliyoyafanya kwa mmoja yanafanya kazi kwa mwingine. Soma kibao cha kituo ulichopo, kisha tafuta tiketi ya pamoja inayobeba maegesho na basi. Ukinunua vipande viwili mbalimbali bila kuuliza, mara nyingi unalipa zaidi.

Hesabu ya basi hubadilika kufuatana na idadi ya watu. Nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya Uingereza imewekewa kikomo cha £3 tangu Januari 2025, hivyo mtu mmoja bila tiketi ya siku hawezi kuzidi £6 kwenda na kurudi. Watu wazima wanne bila tiketi ya pamoja ni £24, na kwa hela hiyo unaweza kupata saa kadhaa kwenye jengo la maegesho katikati ya jiji. Kwa hiyo ukiwa peke yako au na watoto, nenda pembezoni. Mkiwa wakubwa wanne na shughuli ya saa mbili, pigeni hesabu zote mbili kabla ya kutoka nyumbani, na msisahau kuongeza ile £5 upande wa katikati.

Udhaifu wa vituo vya pembezoni ni saa. Anayetoka zamu usiku wa manane au anayeanza kabla ya mapambazuko anaweza kukosa basi, na teksi moja tu inakula akiba ya wiki nzima. Angalia basi la mwisho kwanza, bei baadaye.

Majengo ya maegesho ya katikati ni ya watu wenye haraka na pesa. Faida yake ni kwamba mengi hulipwa wakati wa kutoka, kwa hiyo ukichelewa unalipa saa ya ziada tu, hupigwi faini. Faida hii ina thamani yake. Kama unakwenda kwenye miadi usiyojua itaisha saa ngapi, mathalani ofisi ya wakili au mahojiano ya kazi, jengo la kulipa ukitoka linaweza kuwa nafuu kuliko nafasi ya mtaani inayoonekana rahisi.

Nafasi za mtaani zenye mashine hufaa kwa shughuli fupi. Bei kwa saa haikawii kupanda na nyingi zina muda wa juu, mara nyingi saa mbili. Muda huo ukifika huruhusiwi kuongeza hata ukiwa tayari kulipa, lazima uondoke. Usipange siku nzima juu ya nafasi ya saa mbili.

Ipo pia njia ya kukodi kipande cha ua wa mtu kwa siku au kwa mwezi. Kwa mfanyakazi wa kila siku hii inaweza kuwa nafuu kuliko vyote, na gari linalala salama. Lakini programu nyingi zinazounganisha mwenye ua na mwenye gari huongeza ada yao juu ya bei unayoiona mwanzoni, kwa hiyo linganisha jumla ya mwisho. Omba picha ya nafasi yenyewe. Ukifika ukakuta gari jingine limekaa, utalazimika kutafuta mtaani, na mitaa karibu yote ya jirani ina vibali.

Vibali hivyo ndivyo vinavyowaumiza ndugu wanaokuja kutembelea. Sehemu kubwa ya mitaa ya makazi, ikiwemo ile inayozunguka hospitali ya John Radcliffe, ni ya wakazi wenye kibali. Kibao kinachotangaza eneo huwa mwanzoni tu mwa mtaa, si mbele ya kila nyumba. Mwenyeji wako ana haki ya kuomba vibali vya wageni kutoka kaunti, ila lazima aviombe kabla hujafika. Mwambie wiki moja mapema. Kuegesha kwenye nafasi ya wakazi bila kibali ni kosa la daraja la juu, na neno la mwenyeji kwamba "hapa huwa hawapiti" halilipi tiketi.

Hospitalini

Hapa pana haki ambayo watu wengi hawaidai. Hospitali za umma za Uingereza zinatakiwa kutoa maegesho bure kwa makundi manne: wenye kadi ya ulemavu, wagonjwa wa nje wanaohudhuria mara tatu au zaidi kwa mwezi kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, wazazi wa mtoto mgonjwa aliyelazwa, kwa saa za usiku, na wafanyakazi wa zamu ya usiku. Kama unamsindikiza mama kusafishwa figo kila wiki, hupaswi kulipa. Kama unafanya zamu ya usiku, vivyo hivyo.

Lakini mashine haikujui, na kamera haikujui. Ni lazima uandikishe namba ya gari kwa utaratibu wa hospitali husika, na wakati mwingine wodi ndiyo inayotoa fomu. Uliza mapokezi siku ya kwanza. Walioletwa na wakala waulize waziwazi kama utaratibu unawahusu na nani anaingiza namba zao.

Kadi ya ulemavu yenyewe, ile ya buluu, haizidi £10 kwa Uingereza na hukaa hadi miaka mitatu. Kwa familia yenye mzee asiyeweza kutembea mbali, hakuna £10 inayofanya kazi kubwa zaidi. Inakuruhusu kukaa kwenye mistari ya njano hadi saa tatu pasipo katazo la kupakia na kupakua, ukiweka ile saa ya karatasi ikionekana. Haikupi ruhusa kwenye maegesho ya kampuni binafsi kwa lazima, na si kila maegesho ya halmashauri huwa bure kwa kadi hiyo. Na inafanya kazi pale mwenye kadi anapokuwa safarini humo. Kutumia kadi ya mama ukienda dukani peke yako ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani.

Peni zinazojificha

Programu za simu za kulipia maegesho hutoza ada ya huduma juu ya bei ya kibao, na nyingine hutoza tena kwa ujumbe wa kukukumbusha muda unakaribia kwisha. Chukua mfano wa peni 20 mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 48. Hiyo ni £96 kwa mwaka, na hujaegesha hata dakika moja kwa pesa hiyo. Kama mashine inapokea kadi au sarafu na iko hatua kumi kutoka kwenye gari, itumie. Ukitumia programu, zima ujumbe usiouhitaji.

Usiskani misimbo ya QR iliyobandikwa kwenye mashine. Matapeli hubandika ya kwao juu, unaingiza namba ya kadi ya benki kwao, na tiketi ya halmashauri inakuja vilevile kwa kuwa hukulipa. Pakua programu mwenyewe kutoka duka la simu, kisha andika namba ya eneo iliyopo kwenye kibao. Hakiki mambo matatu kabla ya kubonyeza: namba ya eneo, namba ya gari, na siku. Aliyeuza gari la zamani akasahau kulifuta kwenye programu atalilipia gari lisilo lake, huku lake likiandikiwa.

Gari la kukodi lina ada yake. Tiketi ikienda kwa kampuni ya kukodisha, wanaweza kukutoza gharama ya usimamizi kwa kulipeleka tu jina lako kwa anayedai, na tiketi yenyewe bado unadaiwa. Soma kipengele hicho kabla ya kutia sahihi. Ukikodi gari kwa harusi au msiba, siku mbili tatu za haraka, hapo ndipo watu hushikwa.

Karatasi ya halmashauri

Tiketi ya halmashauri huitwa Penalty Charge Notice, na imeandikwa jina la jiji au la kaunti. Ina msingi wa kisheria. Si kosa la jinai na haiweki pointi kwenye leseni. (Polisi wana zao. Kuegesha kwenye mistari ya zigizaga karibu na kivuko cha miguu kunaweza kukupa faini ya £100 na pointi tatu.) Anayewajibika ni mmiliki wa gari, si dereva. Ukimwazima shemeji gari, tiketi ni yako, kwa hiyo malizaneni mapema nani atalipa.

Nje ya London viwango vya kawaida ni £70 kwa makosa ya daraja la juu, kama mistari miwili ya njano, nafasi ya walemavu au ya wakazi, na £50 kwa daraja la chini, kama kupitisha muda uliolipia. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu: £35 au £25. Tiketi iliyokuja kwa posta kutokana na kamera huweza kuwa na siku zake za punguzo, kwa hiyo fuata tarehe iliyochapishwa kwenye barua.

Kabla ya kulipa jiulize kama ilistahili. Kwenye nafasi za halmashauri mtaani au kwenye viwanja vyake, tangu 2015 una dakika 10 baada ya muda uliolipia au muda wa bure kwisha. Ukiandikiwa dakika ya nane, tiketi hiyo inapaswa kufutwa. Dakika hizo hazipo kwenye mistari ya njano, wala hazikupi muda wa kwenda kutafuta chenji. Kushusha abiria kwenye mistari ya njano kunaruhusiwa, na kupakia au kupakua mizigo pia, pale pasipo alama za katazo kwenye ukingo wa barabara. Kama ulikuwa unashusha jokofu, weka risiti. Mistari ya njano inashika hadi njia ya miguu na nyasi zilizo nyuma yake, hivyo kupandisha gari juu ya njia ya miguu hakukuokoi. Na Jumapili na sikukuu zimo, isipokuwa kibao kiseme vingine.

Piga picha kabla ya kuliondoa gari: tairi na mistari, kibao cha karibu, risiti ndani ya kioo, skrini ya programu. Kibao kilichofunikwa na matawi ni hoja nzuri. Mstari uliofutika hadi hausomeki ni hoja nzuri. "Nilikuwa dakika tano tu" si hoja.

Kama una hoja, iandike ndani ya zile siku 14 na usilipe kwanza. Ukishalipa, kesi imefungwa. Halmashauri ikikataa pingamizi lililowahi ndani ya siku hizo, kwa kawaida inakurudishia muda wa kulipa nusu. Kwa hiyo kuandika barua ya kwanza karibu hakuna gharama, na kila mwenye hoja ya kweli aandike.

Uamuzi mgumu unakuja baada ya hapo. Ukiendelea, unasubiri barua iitwayo Notice to Owner, una siku 28 za kuweka pingamizi rasmi, na ukikataliwa tena una siku 28 za kwenda kwenye baraza huru la rufaa, Traffic Penalty Tribunal. Kufungua shauri ni bure, linasikilizwa mtandaoni au kwa simu, na waamuzi si waajiriwa wa halmashauri. Ukishindwa unalipa kiwango kamili. Unachoweka rehani ni nusu ya tiketi, £35 au £25. Mwenye picha safi ya kibao kilichoanguka aendelee. Asiye na ushahidi zaidi ya neno lake alipe nusu na arudi kazini, kwa sababu zamu aliyokosa akiandika barua ni ghali kuliko tiketi.

Njia mbaya kuliko zote ni kutofanya lolote. Baada ya siku 28 za Notice to Owner inakuja hati inayopandisha deni kwa nusu yake: £70 inakuwa £105. Siku 14 zikipita, deni linaandikishwa kwenye kituo cha mahakama kilichoko Northampton pamoja na ada ndogo ya kuandikisha, kisha linakabidhiwa kwa madalali wa mahakama. Kwa viwango vilivyowekwa 2014, dalali hutoza £75 kwa kupokea faili tu na £235 akifika mlangoni. Jumlisha: £105, na £75, na £235, ni £415 kabla ya ada ya mahakama. Dalali huyo anaweza kufunga mnyororo gari lako na kuliuza.

Kama huna hata £35 mwezi huu, piga simu halmashauri kabla ya siku ya 14, eleza hali yako na uombe muda au malipo ya vipande. Hawalazimiki kukubali, ila ombi lililoandikwa mapema linasikilizwa kuliko maelezo unayompa dalali.

Karatasi ya kampuni

Maegesho ya maduka makubwa, migahawa ya barabarani, majengo ya ghorofa na baadhi ya viwanja vya katikati huendeshwa na kampuni. Karatasi yao huitwa Parking Charge Notice. Herufi za kwanza ni zilezile, rangi zinafanana, na mara nyingi inaonekana ya serikali. Ni dai la mkataba: kibao kilisema masharti, ukaegesha, wanadai umeyavunja. Hawawezi kukutumia dalali bila kwanza kushinda mahakamani, na hawaruhusiwi kufunga mnyororo gari kwenye ardhi binafsi tangu Oktoba 2012.

Hata hivyo usiichane. Ushauri wa zamani wa kuipuuza umepitwa na wakati tangu Novemba 2015, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, kuhusu £85 za maegesho ya maduka huko Chelmsford, na kampuni ikashinda. Madai haya yanafika mahakamani kweli.

Kikomo ni £100, na ukilipa ndani ya siku 14 unapunguziwa asilimia 40, yaani £60. Ukikaa kimya, kampuni ya kukusanya madeni inaongeza hadi £70. Wakifungua kesi kuna ada ya mahakama £35 na gharama ya wakili £50. Hapo £60 imekuwa £255. Ukishindwa na usilipe ndani ya mwezi mmoja, hukumu inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Hilo ndilo linalouma zaidi: kupata nyumba ya kupanga, mkataba wa simu au mkopo wa gari kunakuwa kugumu.

Njia za kuitetea zipo. Kampuni isiyojua nani aliendesha inaweza kumdai mmiliki ikiwa tu imefuata sheria ya 2012 inayohusu madai kama haya. Kwa tiketi ya kamera bila karatasi kwenye kioo, barua inapaswa kumfikia mmiliki ndani ya siku 14 kuanzia siku inayofuata ile ya kuegesha. Ikichelewa, wanaweza kumdai dereva peke yake, na wewe hulazimiki kumtaja. Linganisha tarehe mbili hizo kabla ya kuandika neno "niliegesha" kwenye barua yako.

Kama uliingiza namba ya gari kimakosa kwenye mashine, herufi moja tu, dai linapaswa kufutwa. Kosa kubwa zaidi, kama kuandika namba ya gari jingine lako, linapaswa kushuka hadi £20. Unapaswa pia kupewa dakika 10 mwishoni mwa muda, na angalau dakika tano mwanzoni za kusoma masharti na kuondoka usipoyakubali. Kama ulikuwa mteja halali wa duka, mpelekee meneja risiti kwanza. Yeye ndiye aliyeikaribisha kampuni pale, na neno lake hufuta tiketi upesi kuliko rufaa.

Rufaa ya kwanza ni kwa kampuni yenyewe. Ikikataliwa, kuna mwamuzi wa nje, POPLA au IAS kutegemea kampuni iko chama gani, na kwa mwenye gari POPLA ni bure. Ukienda huko unapoteza punguzo, hivyo unahatarisha £40. Kwa tarehe iliyochelewa au picha ya kibao kisichosomeka, inafaa.

Barua inayosema una siku 30 kabla ya kesi ijibu. Fomu ya mahakama ikifika, una siku 14. Ukithibitisha kuipokea unapata 14 zaidi. Wanaoshindwa wengi hushindwa kwa kutojibu.

Anwani

Wote hawa, halmashauri na kampuni, wanakupata kwa njia moja: namba ya gari inapelekwa DVLA, ofisi ya serikali inayosajili magari, na DVLA inatoa jina na anwani iliyopo kwenye kadi ya gari. Kampuni binafsi hulipa £2.50 tu kupata maelezo hayo. Sasa fikiria maisha ya wengi wetu, chumba cha kupanga mwaka huu, nyumba nyingine mwaka ujao, gari limebaki na anwani ya kwa binamu Reading. Barua zote zinakwenda kwa binamu. Punguzo linapita, siku 28 zinapita, na wewe unakuja kujua dalali akiwa amelifunga gari.

Kubadilisha anwani kwenye kadi ya gari ni bure na hufanyika mtandaoni. Kutobadilisha kunaweza kukutoza faini hadi £1,000. Leseni ya udereva ni jambo jingine. Ukibadilisha moja, nyingine haibadiliki yenyewe. Ukinunua gari, usiridhike na ahadi ya muuzaji kwamba atatuma taarifa. Subiri kadi yenye jina lako, na isipofika ndani ya wiki chache wapigie. Ukiuza, tuma taarifa siku hiyohiyo na utunze uthibitisho.

Kama tayari dalali amefika kwa tiketi ya halmashauri ambayo hukuwahi kupokea barua zake, usianze kwa kumlipa. Wasiliana na kituo kile cha Northampton siku hiyohiyo na uombe fomu TE9, ambayo ni tamko la shahidi, pamoja na TE7 ya kuomba kuiwasilisha nje ya muda. Hazilipiwi, lakini unatia sahihi chini ya kiapo cha ukweli, kwa hiyo andika kilichotokea tu, na ambatisha mkataba wa nyumba unaoonyesha ulihama lini. Mwambie dalali kwa maandishi kwamba umeziwasilisha, maana kazi yake inapaswa kusimama ombi likishughulikiwa. Likikubaliwa, ada zake zinafutwa na tiketi inarudi nyuma hadi hatua ambayo unaweza kuipinga au kuilipa bila yeye.